Usiisugue Dola Yako ya Fedha

Hapana, Amani mjukuu wangu, usiisugue, hata kama imekuwa nyeusi! Hapa Kensington tu wazima, na tangu tufunge ndoa, babu yako mpya ananichekesha kila asubuhi.

Tulikutania dukani kwake, anakonunua sarafu za kale. Nilimpelekea dola ya fedha ya marehemu mama, nikatoa kitambaa chenye majivu niing'arishe kwanza, kama sufuria.

"Eish, Mama, acha!" Akanidaka mkono. "Ukisugua, gredi, yaani daraja la ubora wake, inashuka, haipandi tena!"

Majivu yalikwisha kuigusa. Akaishika ukingoni, akaitazama kwa lenzi.

"Imepona," akasema. "Weusi huu ni umri wake. Ndio uzuri wenyewe."

Jioni ile niliacha kupaka mvi zangu rangi.

Ishike ukingoni tu, mpenzi. Kabla mwezi haujaisha tutakuja kwenu Durban na lenzi yake, aitazame na yako.

Bibi yako