Madirisha Yaliyokatika na Saa Niliyoiamini

Thika, Alhamisi, Desemba 1997

Mvua haijakoma tangu alfajiri. Mtaa wa Majengo wote ni tope, na ofisi ya kamati ya msikiti inanuka karatasi zilizoingiwa na unyevu. Ninaandika nikiwa nimevaa koti, na bado nahisi baridi.

Kwa juma zima sikumwamini mtu.

Ijumaa iliyopita niliwasha kompyuta ya kamati ili nimalizie ratiba ya sala na futari ya mwezi wa Ramadhani, ambao haupo mbali. Programu ya kuandikia ilifunguka ikiwa imeharibika. Maneno kwenye vitufe yalikuwa ya lugha nisiyoijua, tena yamekatwa katikati, kwa kuwa yalikuwa marefu kuliko vitufe vyenyewe. Dirisha la kuchapishia lilizidi kioo. Sehemu yake ya chini, penye kitufe cha kukubali, ilizama chini ya ukingo nisiweze kuifikia. Ratiba ilikuwa mle ndani, nzima, naiona kwa macho. Kuitoa kwenye karatasi sikuweza.

Mashine haijiharibu yenyewe. Hilo ndilo nililoanza nalo.

Wanaoigusa ni wawili tu: mimi na Salima, mpiga chapa wetu, mjane anayekaa Kiandutu na wanawe. Kaka yake amefungua duka la kupiga chapa karibu na soko. Nikajiuliza: ratiba ikikwama hapa, itapelekwa kuchapwa wapi? Swali lilijijibu lenyewe, nami sikulihoji jibu.

Nikaanza kumchunguza. Alipokifunika kioo kwa kitambaa kabla ya kwenda kuswali, nilijiuliza anaficha nini. Alipochelewa, nilijiuliza alikuwa na nani. Nilipomuuliza nani ameyaharibu madirisha, alisema, "Si mimi, Maalim," akatazama sakafu. Nikakichukua kitendo cha kutazama sakafu kuwa ushahidi.

Jana nilimweleza mwenyekiti. Mwenyekiti wetu si mtu wa kungoja. Kabla ya alasiri alikuwa amempokonya Salima ufunguo wa ofisi mbele ya wanawake wa darsa, akanikabidhi mimi. Kesho baada ya sala ya Ijumaa kamati itakaa, na ikikubali maneno yangu, atafukuzwa kwa jina la mhujumu. Katika mji huu, mwanamke mwenye jina hilo hapewi kazi nyingine.

Leo asubuhi alikuja Kamau, fundi wa kompyuta mwenye duka kule Gatongora, Ruiru. Naye nilimshuku. Kabla hajavua hata viatu vyenye tope, alikwisha kutoa hukumu.

"Mzee, hii kitu imeingiwa na virus. Dawa ni kuformat, basi."

Nilimuuliza maana yake. Akasema atafuta kila kitu na kuanza upya. Nikauliza kama kila kitu ni pamoja na ratiba. Akasema ndiyo, na kwamba kioo nacho kimechoka, anacho kingine dukani. Fundi anayefika na dawa kabla ya kumwona mgonjwa simwamini. Nilisogeza kiti changu karibu na mashine nikamwambia hafuti kitu.

Akakuna kichwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye pembe ya kioo.

"Hata saa imepotea, mzee. Ona, ati ni saa kumi na robo alfajiri! Na sisi tumekunywa chai kitambo."

Nilitazama. Iliandikwa 04:15.

"Hiyo ni saa nne na robo," nikamwambia. "Na sasa ni saa nne na robo. Iko sahihi."

Kamau aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Ngai! Mzee, tangu lini kompyuta ikajua kuhesabu saa ya Kiswahili?"

Sikucheka.

Nilikuwa nimeitazama saa hiyo kila siku tangu Ijumaa. Katika vitu vyote vya ofisi hii nilivyovishuku, ni saa peke yake niliyoiamini, kwa sababu ilisema ninavyopenda mimi.

Kamau alibonyeza saa ile, ikafunguka ramani ya dunia. Mashine ilikuwa imewekwa upande wa pili wa bahari, saa sita nyuma yetu. Alipofungua mahali pa lugha, akakuta ni Kihispania. "Nani aliiambia hii mashine tumehamia Argentina?" akauliza. Programu ya kuandikia, alinieleza, hufuata lugha iliyochaguliwa pale. Maneno ya Kihispania yalikuwa yamelazimishwa kuingia katika vitufe vilivyopimwa kwa Kiingereza. Akairudisha lugha, akairudisha Nairobi, akazima na kuwasha. Madirisha yakarudi yalivyokuwa. Ratiba ikatoka.

Nilikuwa nimekwisha kumjua aliyefanya hivyo, na kwa nini.

Kabla ya Ijumaa ile, mgeni aliingia akauliza ni saa ngapi. Salima alisoma kwenye mashine akasema, "Saa tisa," na ilikuwa asubuhi. Nilimkemea mbele ya mgeni. Nilisema saa katika ofisi hii itahesabiwa kwa Kiswahili, na kwamba sitaki tena kuiona saa ya Wazungu mezani pangu.

Adhuhuri nilikwenda Kiandutu kwa miguu. Salima alifungua mlango, akanitazama viatu.

"Karibu, Maalim. Ufunguo mmekwisha kuuchukua; sasa umefuata na kalamu?"

Nilimuuliza kama aliigusa saa.

"Si ulisema hutaki kuiona? Nikabonyezabonyeza ile ramani mpaka ikakubali saa yetu. Halafu nikachagua na lugha ya nchi hiyo hiyo, nisije nikaichanganya mashine. Ikaomba izimwe, nikaizima, nikaenda zangu nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza madirisha, Maalim. Saa hukuniuliza. Uliiona kila siku ukanyamaza, nami nikasema alhamdulillahi, leo nimempendeza."

Nilisema nimekosea, nikatoa ufunguo mfukoni. Hakunyoosha mkono. Alisema mwenyekiti aliuchukua mbele ya watu, kwa maneno yangu, na mlangoni kwake hapana watu.

"Kaseme huko ulikosema," akaniambia. Kisha akanipa gunia nifutie viatu kabla ya kuondoka, kwa kuwa adabu hakuiacha.

Nimewafundisha watu hesabu ya saa kwa miaka mingi, na nitaendelea. Lakini nilimpa mtu amri bila kumwonyesha njia. Alipoitafuta mwenyewe, nikaiita hujuma. Na sikumuuliza hata swali moja ambalo sikuwa na jibu lake tayari.

Kompyuta sasa inaandika saa ya Nairobi. Nitaitazama na kuhesabu mwenyewe.

Watu hujiliwaza kwamba kesho ni siku nyingine. Kwangu kesho ni jana ile ile, inayongoja nikaimalize mbele ya wale wale walioianza nami. Nimewatumia ujumbe wanawake wa darsa wawepo. Je, sauti iliyomtuhumu kwa urahisi itapatikana kesho kumtakasa?

Ufunguo umo mfukoni mwangu. Mfuko huu si mahali pake.