Bastola ya Koti la Marehemu

Mjukuu wangu Akinyi,

Barua yako imetufurahisha. Nyanyako anakusalimu, goti lake limepata nafuu, na hapa Rangwe mvua imekuja vizuri. Unauliza, huko kwenye mafunzo ya polisi, kama bastola ikiwekwa sefti, kile kichuma cha usalama, inatosha.

Miaka ya tisini, nilipokuwa nimestaafu jeshi juzijuzi, tulikwenda Ndhiwa kumzika mzee aliyepigana vita vya zamani. Mwanawe mkubwa alivaa koti la babake, kama tunavyofanya kwetu, akakuta mfukoni bastola kuukuu. Akaitoa katikati ya waombolezaji.

"Msiogope, sefti iko juu."

Kweli, ilikuwa juu. Lakini kile kichuma huzuia kifyatulio tu, hakitoi risasi. Tena kikichakaa huteleza chenyewe. Nikamwomba anipe. Nikaelekeza mtutu kwenye rundo la udongo wa kaburi, nikachomoa magazini, kile kikasha cha risasi. Tupu. Watu wakanicheka. Bastola ile haikufunguka sefti ikiwa juu, basi nikaishusha, nikavuta chuma cha juu nyuma. Risasi moja ikaruka, ikaanguka udongoni.

Kisha mjane akasema, "Kumbe mzee alitaka mtu wa kumsindikiza!"

Tulicheka hadi machozi, sisi tuliokuwa tukilia tangu asubuhi.

Kwa hiyo fungua bastola, mama, uone kwa macho yako. Mzee alikwenda peke yake. Yule mwanawe alikuja kunisalimia Jumapili, ameshikwa mkono na mjukuu wake.

Babu yako