Macho Mekundu ya Dada Minza

Jumatatu, 5 Agosti
Chai. Dawa ya shinikizo la damu. Mchicha nimeumwagilia kabla jua halijawa kali hapa Buswelu. Kisha simu kutoka Misungwi, na asubuhi ikaharibika.

Dada yangu Minza anaitwa mchawi. Jirani yake Holo alifiwa na mtoto kwa homa mwezi uliopita. Sasa Holo anasema siku mtoto alipougua aliyaona macho ya dada: mekundu, yanang'aa. Kijiji kizima eti kimeyaona. Bila shaka wameyaona. Kwao miti ya kuni imekwisha zamani. Dada amepika kwa kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba iliyokauka tangu usichana wake, katika jiko lisilo na dirisha. Macho yawe ya rangi gani?

Juzi alikuta panga limelazwa kizingitini pake. Hakuna asiyejua maana yake: hama, au ukatwe.

Nina hasira.

Jumatano, 7 Agosti
Nimemleta kwangu. Kapu moja, chungu kimoja. Hakulia. Njiani alisema jambo moja tu: tangu mazishi hakuna aliyekuja kwake kuomba moto. Miaka yote hiyo, aliyezimikiwa na moto alikwenda kwa dada na kigae, akarudi na kaa. Yeye ndiye aliyeamka mapema kuliko wote.

"Hata moto wangu wanauogopa," alisema.

Binti yangu Kabula anafundisha saikolojia chuoni mjini. Nilimsimulia wakati wa chakula, naye akaanza somo. Wako wataalamu wanaodai kwamba jicho hukusanya mwanga, kisha akili huijenga picha kuanzia chini, tofali kwa tofali. Wako wengine wanaodai kwamba akili hutangulia kukisia, na jicho huitwa baadaye kama shahidi. Tunaona kile tulichokwisha kukitarajia.

"Baba, hawasemi uongo. Mchawi wanamwona kweli."

Nikamwambia anyamaze, shangazi yake yupo. Nimemsomesha ili awatafutie udhuru watu wa aina hiyo? Nadharia haizuii panga.

Jumapili, 1 Septemba
Jiko la gesi. Matone ya macho asubuhi na jioni. Daktari alisema ni moshi, hakuna kingine. Leo macho ya dada ni meupe. Nimeridhika. Nina ushahidi usiopingika.

Dada haridhiki. Chakula cha gesi, anasema, hakina harufu ya chakula. Anataka kuku wake na kaburi la mumewe. Hataki kufia ugenini, na kwake ugenini ni hapa, kwa mdogo wake wa tumbo moja. Nitampeleka keshokutwa. Wamtazame wenyewe.

Jumanne, 3 Septemba
Wapumbavu.

Mwenyekiti wa kitongoji, kijana niliyemfundisha kusoma, alimsimamisha dada juani kama ng'ombe wa mnadani. Akamtazama jicho la kwanza, akamtazama la pili. Nikasubiri.

"Mwalimu, mmempatia dawa kali," akasema. "Ameyaficha vizuri."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja akasema siku hizi hata wachawi wana bima ya afya. Wakacheka. Holo hakucheka. Alikuwa anatazama ardhi.

Yakiwa mekundu, ni mchawi. Yakiwa meupe, ni mchawi mjanja. Nilimpigia Kabula simu ili nigombane na mtu. Hakujivuna. Aliniuliza kwa upole, "Na wewe Baba, ulikuwa umetarajia waone nini?"

Nikakata simu.

Siondoki. Nitakaa kwa dada.

Ijumaa, 6 Septemba
Napika mimi. Mwanamume, mwalimu mstaafu, nimechuchumaa napuliza kinyesi cha ng'ombe. Dada nimemkataza kuingia jikoni. Anakaa nje kunicheka hadi anakohoa. Anasema marehemu mama angefufuka kuuona ugali wangu, kisha angekufa tena kwa kuuonja.

Macho yanawasha kama yametiwa pilipili. Siyaoshi. Nimejitazama katika kioo: mekundu kuliko yake yalivyokuwa.

Vizuri. Kesho kuna mkutano wa kitongoji.

Jumamosi, 7 Septemba
Kila niliyekutana naye njiani alisema yale yale. Shikamoo Mwalimu, pole kwa moshi. Mwenyekiti naye alisema hivyo kabla hajaketi.

Niliposimama sikuhutubia. Niliuliza swali moja.

"Jiko ni lile lile, macho ni yale yale. Kwa nini mimi napewa pole, na dada yangu anapewa panga?"

Kisha nikapita mbele ya kila mmoja, karibu, nikimkodolea macho. Wengi waliinama. Mwenyekiti akasema mimi ni mtu ninayejulikana. Nikamjibu kwamba dada alijulikana hapa kabla yeye hajazaliwa, na ndiye aliyempa mama yake moto wa kumchemshia maji ya kumwogesha.

Hapo akatangaza kwamba atakayemgusa Minza atapelekwa polisi na yeye mwenyewe. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna aliyekuja hata kumsalimu. Nilirudi nikiwa na hasira ile ile niliyokwenda nayo.

Jumapili, 8 Septemba
Baridi kidogo. Fundi ametoboa dirisha jikoni na moshi unatoka vizuri. Dada amerudi mahali pake. Nimekaa mlangoni, nimeruhusiwa kumenya viazi.

Hodi. Holo, na kigae mkononi. Moto wake umezima, alisema, uso ameinamisha.

Dada alichokoa majivu, akachagua kaa kubwa, akaliweka kigaeni. Ndipo Holo akainua uso, akamtazama. Macho yake naye yalikuwa mekundu. Moshi au kilio, sikuuliza.

"Wabeja, mayu," akasema. Asante, mama.

Sijui aliona nini. Alivuka uwanja polepole, ameukinga moto kwa kiganja.