Anahubiri Kuachilia, Amekumbatia Jiwe

Mpendwa Mshauri Santina, nisaidie maana nyumba imenishinda, mimi ni mwalimu hapa Awindiri, mjini Arua, na mwaka huu wa 1974 nimefiwa na mke wangu Eyotaru, tumemzika nyuma ya nyumba, na kwa mila yetu mwanamke huzikwa na jiwe lake dogo la kusagia mtama, lakini siku ya maziko nilisema limepotea, kumbe nimelifunga kwenye kitenge chake na ninalala nalo, maana kila alfajiri niliamshwa na sauti yake akisaga na sasa nyumba iko kimya, basi mama mkwe Drateru amekuja kutoka Koboko na hataki kurudi, anashinda kaburini akilia kwamba mwanawe ameenda mikono mitupu, atasagia nini huko, nami kwa kuwa mwalimu wetu wa zamani kutoka Ceylon alinifundisha njia ya Buddha, kwamba kung'ang'ania ndiko kunakotutesa, nikamtungia shairi:

Wingu halirudi nyuma,
mpenzi mwache salama.

Nikamsomea kwa huruma zote, akanitazama, akasema, "Kama kitu yote iko napita, lete jiwe ya mutoto yangu. Mimi najua iko kwako." Tangu hapo hagusi chakula changu. Nifanyeje ili ayaelewe mafundisho?

Anguyo, Arua

Mwalimu Anguyo,

Pole kwa msiba, nasema kwa moyo. Sasa kaa chini nikuseme. Mama wa watu kafiwa na mwanawe, wewe unampelekea vina! Vimekaa sawa, sikunyimi hilo. Lakini huyo Buddha alimwambia nani alale na jiwe? Umejifunza kuwaachilia wapendwa, ukaona somo linamhusu mama mkwe peke yake. Yeye ameshakubali mwanawe ameondoka, anataka tu kumfungia mzigo wa safari. Anayeng'ang'ania ni wewe, tena umedanganya mbele ya kaburi.

Katika barua yako yote nimeamini neno moja tu, lile la alfajiri.

Kesho asubuhi lifungue hilo jiwe. Usilioshe, vumbi la unga ni la mkono wake. Lipeleke mwenyewe kwa mikono miwili, usimtume mwanafunzi, na umwache mama alilaze kaburini. Shairi libaki nyumbani. Akikuuliza kwa nini ulilificha, usimtaje Buddha. Mwambie, "Mama, nyumba imekuwa kimya." Kisha keti hapo, mlie pamoja.