Swali la Nne Kuhusu Nyumba ya Kasulu

S.L.P. 38,
Kasulu.
3 Agosti 1997

Mpendwa Rosa, mtoto wa dada yangu,

Nakusalimu kwa salamu ya nyumbani, mwakeye, ingawa najua barua hii itakufikia Tabora saa ambayo siijui. Hujambo wewe, na mumeo Nsengimana hajambo? Watoto wamepona surua? Niliposoma kwamba mdogo wao aliugua, niliwasha mshumaa kanisani, kisha nikakumbuka kuwa mama yao ni muuguzi, nikajicheka.

Sisi huku tunaendelea. Kiangazi ni kikali, vumbi limepaka migomba rangi nyekundu, na maharage tumevuna kiasi. Mimi mwenyewe sitakuficha: miguu imevimba na pumzi inakatika nikitoka kitandani hadi mlangoni. Daktari ananiambia nipumzike kwa sauti ambayo watu wazima tunaielewa. Barua hii naiandika siku ya tatu leo, kidogo kidogo, binamu yako Nestori akinishikia ubao wa kuandikia.

Nimefurahi mno kusikia unataka kurudi kuishi Kasulu, na kwamba katika nyumba zote umeitamani hii ya mjomba wako. Ulicheza hapa ukiwa na meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Maswali yako matano nimeyasoma mara nyingi. Umeyapanga vizuri kama mwanafunzi niliyemfundisha mwenyewe, na kweli nilikufundisha.

Umeuliza tofauti ya ofa na hati. Ofa ni barua ya serikali inayosema kiwanja hiki umepewa wewe kwa masharti haya. Hati ndiyo miliki yenyewe iliyosajiliwa. Watu wengi hapa mjini wana ofa tu, wanaikunja chini ya godoro na kuiita hati. Mimi pia ninayo ofa. Mnunuzi asiridhike kuonyeshwa karatasi na muuzaji. Aende nayo ofisi ya ardhi, aombe jalada la kiwanja lifunguliwe, na aone stakabadhi za kodi ya kiwanja kama zimelipwa.

Umeuliza pia kama inatosha kuandikiana mbele ya mwenyekiti. Kwa shamba la kijijini watu hufanya hivyo na wanaishi kwa amani. Kwa kiwanja kilichopimwa haitoshi. Mwandikiane mbele ya hakimu au wakili, halafu uhamisho upate kibali cha serikali. Bila hicho utakuwa umenunua maneno. Na usitume fedha yoyote kwanza, hata kwangu.

Kuhusu jina, andika lako. Nsengimana ni mtu mwema na hatachukia, lakini fedha ni ya mshahara wako, na hakuna sheria inayomzuia mwanamke kuandikwa. Akikukuta mzee wa kukuambia mila haziruhusu, mwambie mjomba wako mzee kuliko yeye ameruhusu. Mkiweza, andikeni majina yote mawili. Na ujue kwamba tangu sheria ya ndoa ya mwaka 1971, nyumba wanayoishi mke na mume haiuzwi na mmoja bila mwenzake kuridhia. Kwa hiyo ukinunua kwa mwanamume, mtafute mkewe. Mtafute hata kama anakuambia yuko shamba.

Swali la nne nimeliacha makusudi. Umeuliza: "Mjomba, nitajuaje kama yupo mtu mwingine mwenye haki katika nyumba ninayonunua?" Nilipolisoma niliiweka barua chini. Nimeishi miaka ishirini na mitatu nikiogopa mtu aniulize hilo, nami sikudhani angekuwa wewe.

Rosa, yupo. Anaitwa Apoline.

Nyumba hii ilikuwa ya mume wake. Mume alipofariki mwaka 1973, shemeji yake Nkunzimana alitaka kuiuza, akasema mjane atarudi kwao. Mimi nilikuwa mwalimu, nina mke na mtoto, tumebanwa katika chumba kimoja cha shule. Mwaka uliofuata nikakubali kununua.

Unajua desturi yetu, ingawa vijana mnaisahau. Nyumba au shamba likiuzwa, mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, unawekwa uani, na wote wenye mipaka na wote wenye neno katika mji ule wanakunywa kwa mrija mmoja. Aliyekunywa amekubali, naye ni shahidi hadi kufa. Asiyekunywa hajakubali, na mauzo yanasimama mpaka asikilizwe. Siku ile mrija ulizunguka vizuri. Ulipomfikia Apoline, aliushika, akautazama, akauweka chini pembeni ya mtungi. Nkunzimana akacheka, akasema shemeji yake anaogopa kulewa mbele ya mwalimu. Watu wakacheka kidogo, kisha wakanitazama mimi.

Nilipaswa kumuuliza. Badala yake nikasimama na kuwahutubia. Nikawaambia mambo ya mtungi yamepitwa, siku hizi ni karatasi. Nikaingia ndani, nikaandika hati ya mauziano kwa mwandiko wangu mzuri, na katika mashahidi nikaandika: Apoline, mjane wa marehemu, ameridhia. Hajui kusoma, kwa hiyo mbele ya jina lake palihitajika dole gumba. Nililiweka langu. La kushoto, lile lenye kovu la mundu ambalo ulikuwa ukilichezea ulipokuwa mdogo ukiniuliza kama linauma.

Pengine majirani wangenisuta. Lakini miezi michache baadaye ndipo watu walipohamishwa kwenda vijiji vipya. Wote waliokunywa mtungi ule walitawanyika, na Apoline akapelekwa Makere. Iliyobaki ni karatasi. Miaka ya themanini wapimaji walipokuja, karani aliitazama karatasi ile, akaona mwandiko wa mwalimu, akaniandikia ofa. Hivyo uongo mmoja ukazaa karatasi safi yenye mhuri. Ukienda ofisi ya ardhi leo na kufungua jalada, utaambiwa nyumba ni ya mwalimu Tharsisi na haina tatizo lolote. Ndiyo maana nakuambia, ukishafunguliwa jalada, funga, uende ukawaulize wazee ni nani aliyeishi pale kwanza na yuko wapi.

Marehemu mke wangu alifariki bila kujua. Hilo nitalijibu ninakokwenda.

Baada ya barua yako nilimwambia Nestori. Siku mbili uji alikuwa akiuweka mezani na kutoka. Siku ya tatu akaniombea kiti cha mbele katika gari la misheni, tukaenda Makere pamoja. Apoline tulimkuta kwa binti yake, anapeta maharage. Amezeeka lakini mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Alinisalimu, "Mwakeye, mwalimu," kama tulioachana jana. Nikamweleza yote, pamoja na kidole. Hakuwa amejua habari ya kidole. Alipeta ungo wote hadi mwisho ndipo akasema:

"Watoto ulikuwa ukiwachapa kwa kunakili, mwalimu. Wewe ukanakili kidole."

Nikamwambia ni kweli. Kisha nikamuuliza lile nililopaswa kuuliza mwaka ule, kwa nini hakunywa.

"Nilitaka niulizwe," akasema. "Niliweka mrija chini ili mtu mmoja aniulize. Labda ningekunywa. Nilikuwa naomba tu nivune mahindi yangu kwanza."

Rosa, ni mahindi tu aliyotaka.

Juma lililopita Nestori alinipeleka kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Nimetoa maelezo yangu kwa kiapo na kuyatia sahihi, nakala moja imekwenda ofisi ya ardhi, nyingine anayo Apoline. Wananiambia shughuli ya kumrudishia nyumba itachukua muda, na mimi muda sina, lakini Nestori amekubali mbele ya hakimu kuikamilisha na kuhama. Nilimtazama akisema, nikaona nilimlea vizuri kuliko nilivyoishi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tano, kama nitakuuzia nyumba hii, ni kwamba siwezi. Ukiitaka nyumba, muuzaji ni Apoline, naye hajasema kama atauza au atarudi kuishi. Usimharakishe. Nenda Makere mwenyewe, kaa naye, mpete maharage. Akikubali, fuata yote niliyoandika ya ofisi na hakimu, na uweke mtungi pia. Mrija ukimfikia, ngoja. Akiuweka chini, muulize.

Jambo la mwisho. Nikifa msinizike katika kiwanja hiki. Karatasi inafutwa, lakini kaburi linamfunga mwenye nyumba milele. Nipelekeni Busunzu kwa baba. Nestori analia ninapolisema hili, wewe ni muuguzi, msaidie.

Nisalimie Nsengimana na watoto wote, na mama mkwe wako ambaye hunitumia asali. Nestori na mkewe wanakusalimu. Mungu akupe mlango ambao hakuna aliyelia nje yake.

Mjomba wako aliyekupenda tangu una meno mawili, na anayekupenda bado,

Tharsisi

Chini ya jina langu nimeweka dole gumba la kushoto. Limetoka vizuri, kovu linaonekana. Lihifadhi. Siku yoyote mtu akikuletea ile karatasi ya mwaka 1974 na kudai Apoline aliridhia, viweke vidole hivi viwili pamoja, umwonyeshe.