Dada Yake Mzee Franc Amefika kutoka Brdo

Aston, Birmingham. Jumamosi, Mei 1974.

Jua limewaka tangu asubuhi, jua la kweli, si lile la kuchungulia na kurudi ndani. Nimevaa gauni bila sweta kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Nina furaha hata mwandiko umeharibika.

Mzee Franc amempata dada yake.

Niandike kwa utaratibu. Nilipokuja huku kusomea uuguzi, niligonga milango mitatu yenye tangazo la chumba, na kote mara waliponiona chumba kikawa kimeshachukuliwa. Mlango wa nne ulifunguliwa na Mzee Franc, mtu wa kiwandani aliyefiwa na mkewe. Aliuliza jambo moja tu: kwetu ni tambarare au kuna vilima? Nikamwambia mimi ni Mtaita, nimezaliwa mlimani. Akanipa ufunguo.

Tangu hapo, jioni nisipokuwa na shifti, hunisimulia kijiji chao, Brdo, kule Slovenia. Jina lenyewe maana yake ni kilima. Huweka mkate katikati ya meza, huo ndio mgongo wa kilima. Kikopo cha chumvi ni kanisa, juu kabisa. Upande wa jua ni mizabibu, upande wa kivuli ni msitu. Nyumba kumi na mbili zimejipanga mgongoni, na maji yalikuwa ya chemchemi moja, studenec, chini ya mti mkubwa wanaouita lipa. Walishuka na ndoo tupu, wakapanda nazo zimejaa. Hilo sihitaji kuelezwa. Shingo yangu inalijua.

Vita vilipopanda hadi Brdo, Wajerumani walimchukua kwa nguvu awapiganie, na nyumba kadhaa wakazichoma. Vita vilipokwisha alirudi, akasikia kwamba vijana waliovaa sare ile, hata waliolazimishwa, wanakamatwa na serikali mpya. Akaondoka alfajiri bila kuaga. Mlangoni alikuta mkate umefungwa kwa kitambaa. Miaka yote ameamini uliwekwa na Marija, dada yake mdogo, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, na kwamba mama yao aliamka akakuta kitanda kitupu. Mama alishafariki. Hilo ndilo linalomkaa moyoni.

Leo Marija alikuwa anakuja, mara ya kwanza tangu siku ile. Mzee Franc aliniomba nimsindikize stesheni. Alisema anaogopa dada yake anakuja kumlaumu. Mtu mzima, mikono imekomaa kwa chuma, na alikuwa ameshindwa kufunga tai yake mwenyewe.

Treni ilifika, watu wakashuka, wakaisha. Akasema hakuja, akaanza kupanda ngazi.

Nakiri nilimkasirikia. Alikuwa anamtafuta msichana mwenye nywele za kusuka! Mimi nilikuwa nimeshamwona mama mmoja mwenye kitambaa kichwani, ameketi juu ya sanduku lake mwisho wa jukwaa, akimtazama kila kijana anayepita. Nikamwendea. Yeye hajui Kiingereza, na mimi lugha yao najua ile ya mezani tu.

"Brdo?" nikamwuliza.

Akasimama.

"Lipa," nikasema. "Studenec."

Akanishika mikono yote miwili, akaanza kunijibu kwa majina mengine, labda ya mashamba, labda ya nyumba, harakaharaka na kwa sauti. Mzee Franc aliyasikia akiwa kwenye ngazi. Sijawahi kumwona akikimbia. Leo nimemwona.

Nyumbani, Marija aliipanga meza upya. Kisu kikawa barabara mpya, siku hizi basi linapanda mpaka kanisani. Nyumba zilizochomwa zimejengwa tena, ya kwao ameijenga yeye na mumewe. Kila jiko lina bomba. Lipa ipo. Walibishana kanisa linatazama wapi, na Marija alishinda.

Kisha Mzee Franc akamshukuru kwa ule mkate. Marija akaweka kikombe chini, akasema maneno machache. Kaka yake akanitafsiria polepole, kama mtu anayejisomea mwenyewe:

"Si mimi. Mimi nilikuwa nimelala. Mama ndiye aliyeuoka, aliniambia baadaye. Alisimama nyuma ya mlango mpaka wewe ukapotea kwenye mizabibu. Hakutaka umwone analia, usije ukabaki."

Marija hakuweza kuliandika. Barua zamani zile zilikuwa zikifunguliwa na kusomwa njiani, na baadaye alidhani kaka yake anajua.

Mzee Franc alilia. Nikawaacha jikoni, nikapanda chumbani.

Baada ya muda nikasikia kicheko kikubwa cha mwanamume nisichokitambua, nikadhani jirani ameingia. Ni yeye. Miaka miwili nakaa hapa, sikuwahi kusikia anavyocheka.

Waliniita tunywe chai. Mzee Franc ataomba likizo ya Oktoba, kisheria hana tena cha kuogopa, anakwenda Brdo kuchuma zabibu. Marija akanigeukia, akaanza kueleza jambo refu akinionyesha mimi, kisha mkate, kisha upande wa jua, vidole vikichuma hewani.

Nilisema ndiyo kabla Mzee Franc hajamaliza kutafsiri.