Siku Nilipoinywesha Pikipiki ya Majini

Mpendwa Mama Muthoni,

Uniwie radhi kwa kukuandikia kwa wino wa bluu. Kalamu nyeusi uliyoipenda imekauka, nami sijapata moyo wa kununua nyingine. Nina habari njema, na sikuona vyema kuzikalia.

Unakumbuka Muthoni alivyokuwa akifungua charahani yako bila ruhusa? Sasa anafungua mashine kubwa zaidi. Mwenye gati moja la mashua huko Naivasha alimkabidhi jeti-ski iliyogoma, ile pikipiki ya majini, akamwambia kwamba akiirudisha Jumamosi ikiwa nzima, atapewa kazi ya kuzitunza zote. Basi ikaletwa hapa mtaani kwetu Lucky Summer, ikawekwa uani penye kamba za nguo.

Muthoni alibadilisha betri, akapaka grisi, akatoa mfuko wa plastiki uliojisokota kwenye pangaboi la kusukumia maji. Ikabaki kuijaribu. Injini hiyo hupozwa na maji ya ziwa, kwa hiyo nchi kavu huunganishwa na mpira wa mfereji. Akauunganisha, kisha akanionya: "Baba, injini kwanza, maji baadaye. Ukizima, maji kwanza." Nikayaandika hayo daftarini kwa mwandiko nadhifu, naye akaenda kununua plagi mpya.

Wajua mfereji wetu hutoa maji siku mbili tu kwa wiki. Mara nikamsikia Bi Zaituni wa mlango wa pili akikimbia na mitungi: "Maji! Maji yamekuja!" Mke wangu, miaka arobaini ya kukimbilia mfereji haifutwi na daftari. Niliufungua mpaka mwisho, nikaketi kuitazama mashine ikinywa, nikaisifu moyoni kwa utulivu wake.

Muthoni aliporudi, aliufunga mfereji kabla ya kunisalimu.

"Baba, injini ilikuwa inanguruma?"

"La, mwanangu."

"Basi maji yamejaa mpaka ndani ya injini!"

Ilikuwa Alhamisi. Sikuogopa kukemewa, niliogopa kwamba nimemnyang'anya mtoto wetu kazi kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwomba radhi mara nyingi, hata akasema, "Baba, pole zimetosha. Shika hiyo tochi."

Alifungua plagi, akaziweka kando, akabonyeza stata. Maji yakaruka kupitia matundu ya plagi, yakavuka kamba za nguo, yakamlowesha Bi Zaituni kuanzia buibui hadi ndala.

"Mzee Daudi! Miaka yote hii wanisubiri nije kanisani, leo ndo wanibatiza?"

Ua mzima ulicheka, nami nikitafuta pa kujificha. Kisha Muthoni akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kama ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yangekuwa yamechanganyika nayo na Jumamosi ingetupita. Sote tukainama kutazama. Oili ilikuwa safi. Akaendelea kubonyeza stata mpaka ikatoka hewa tupu, akadondoshea matundu oili kidogo, akafunga plagi mpya. Safari hii niliushika mfereji kama mlinzi wa benki, wala sikuufungua mpaka injini iliponguruma naye akapaza sauti, "Sasa!"

Jumamosi, kule ziwani, nilipewa kazi ya kukagua vizibo viwili vya nyuma, ambavyo vikisahauliwa, chombo hujaa maji na kuzama. Nilivikagua mara nne. Mwenye gati alizunguka nayo, akarudi ameloa, akamwambia mtoto wako: "Jumatatu uje na spana zako." Muthoni alinikumbatia, mikono yake ikinuka grisi.

Kisha akanivika jaketi la kuokolea juu ya tai yangu, akanipakia nyuma. Tuliondoka kwa kasi isiyofaa umri wangu. Tulipompita kiboko kwa mbali, nilimwomba radhi kwa usumbufu. Halafu, Mama Muthoni, nikapiga kelele. Mimi! Nikacheka mpaka meno ya bandia yakalegea. Tangu ututoke nimekuwa nikicheka huku nimefunika mdomo, kana kwamba nakuibia kitu. Lakini pale majini mikono yote miwili ilikuwa imemshika binti yako.

Pumzika kwa amani, mpenzi wangu. Nakuahidi hili: furaha ikinijia tena nitaikaribisha kwa heshima zote, wala sitakuomba msamaha.

Mumeo,
Daudi